Bosibori Wawili wa Kapsoiyo

Kapsoiyo, Sotik
14 Machi 1993

Mama Zack mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, wewe pamoja na Zack na Mongina. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti yanayonisumbua mvua ikikaribia. Kiplimo ni mzima na anakula kama kawaida yake, sufuria nzima.

Anwani yako nimeipata kwa mwalimu mkuu, aliyeandikiwa na shule mpya ya Mongina. Nilimsumbua mpaka akanipa. Tangu lori la polisi liwachukue mwaka jana sijajua mlilala wapi. Kila Mkisii anayekuja kuuza ndizi sokoni Sotik nilimuuliza kama anamjua Bosibori mke wa Orina, nao wakanicheka, maana kwenu akina Bosibori ni wengi.

Siku ile sitaki kuiandika. Nyinyi mlikuwa darini jikoni kwangu na mimi nilikuwa mlangoni nikiwaambia wale vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakisii kwamba hakuna mtu. Moshi wa nyumba yako sote tuliunusa. Hiyo inatosha.

Nakuandikia kukuambia kwamba chai yako ipo. Unajua chai ukiipa kisogo miezi michache inakuwa miti, na huwezi tena kuona majani mawili na kichipukizi. Kwa hiyo tunaichuna mimi na Kiplimo, na pale kituoni inapimwa kwa namba yako ile ile. Nikiwa katikati ya mistari yako huwa nacheka peke yangu. Unakumbuka Baba Zack alivyokuja kutoka mashamba makubwa ya Kericho, mlima wote huu ukiwa bado vichaka na mahindi ya kuibiwa na nyani, akaanza kunyoosha kamba ya mkonge ardhini? Wazee wakasema, "Huyu anapimia nini, kaburi?" Wakasema pia kwamba majani ya chai yatakausha ng'ombe maziwa. Miaka mitatu baadaye wale wale wazee walikuwa wakipanga foleni kwako waazime kamba.

Rudi, Mama Zack. Watu wametulia.

Ni mimi dada yako,
Mama Kiplimo


Nyansiongo
2 Mei 1993

Mama Kiplimo mpendwa,

Barua imefika, asante. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Bado unaandika kama unavyoongea, bila kupumua, na nimefurahi kwa sababu nimekusikia kabisa.

Niko kwa kaka yangu Ondieki. Amenikatia kipande nyuma ya migomba yake, kidogo, lakini mahindi yameota. Zack amepata kibarua cha ujenzi. Mongina yuko shuleni, wanamwita Mkipsigis kama nyinyi, kwa vile matamshi yake yameharibika. Mimi pia naonekana mgeni. Juzi nilipika chinsaga nikatia maziwa tulivyozoea, nikaiacha usiku mmoja ipoe uchungu. Wifi yangu alionja akaweka kijiko chini. Akasema, "Dada, hii ni mboga ya hao watu wako." Nimekaa huko miaka thelathini nikiitwa Mkisii, nimerudi kwetu nimekuwa mtu wa Sotik. Sasa niambie mimi ni wa wapi.

Asante kwa chai. Sijui nikulipe nini, na ukinijibu kwamba hakuna deni nitakasirika.

Usiku sipati usingizi nikifikiria kaburi la Baba Zack. Tulilichimba kando ya nyumba kama desturi yetu inavyotaka, na sasa nyumba haipo, yeye amebaki pale peke yake kama mlinzi wa bure. Najua kwenu watu hawapendi kukaribia makaburi, kwa hiyo sikuombi. Nasema tu kwamba nalifikiria.

Kuhusu kurudi, usiniulize.

Dada yako,
Mama Zack


Kapsoiyo, Sotik
19 Septemba 1993

Mama Zack,

Hujambo na watoto? Sisi tu wazima. Mvua ya mawe ilipiga chai ya upande wa juu, lakini imeanza kuchipua.

Sikukuambia, lakini kaburi nilishalipalilia, na sasa nalipalilia kila nikimaliza kuchuna mistari ya chini. Mara ya kwanza nilisimama mbali, nimeshika jembe langu, maana nilikuzwa kuambiwa mahali kama pale mtu hupita akiangalia kando. Kisha nikamsemesha. Nikamwambia, "Baba Zack, ni mimi, yule mliyekuwa mkimaliza chumvi yake." Baada ya hapo sikuogopa. Watu walionipita njiani walinitazama sana. Shemeji yangu Aron aliniuliza kama nimeolewa na marehemu.

Aron ndiye anayenitia wasiwasi. Ameanza kusema shamba lisilo na mwenyewe ni la jirani, na kila mara anatembea kwenye mpaka wako kama mtu aliyepoteza shilingi. Mama, familia mbili za upande wa chini zimerudi. Wamejenga vibanda na hakuna aliyewagusa. Na wewe njoo. Utalala kwangu mpaka nyumba isimame. Ni mimi ninayekuambia, siyo chifu.

Nakusubiri,
Mama Kiplimo


Kapsoiyo, Sotik
30 Aprili 1994

Mama Zack,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama nimekukosea, nitukane kwa maandishi, nitaridhika. Kiplimo ameoa. Bibi arusi ni Nelvine, mtoto wa watu wa Londiani, waliozoea viazi. Kuchuna chai anajifunza, anavunja majani kama anayenyonyoa kuku. Nafasi yako kwenye harusi ilikuwa pale karibu na mimi, sikumruhusu mtu kukaa.

Naomba neno moja tu kwamba mko salama.

Mama Kiplimo


Kapsoiyo, Sotik
12 Februari 1995

Kwa mwanangu Zack,

Pokea pole zangu, wewe na Mongina na mjomba wenu Ondieki. Gekara, yule anayeleta ndizi Sotik, amenieleza kwamba alipita kwenye matanga huko Nyansiongo, na aliyezikwa alikuwa Bosibori aliyewahi kukaa upande wa Sotik. Nilikuwa na kapu la chai mgongoni. Nililitua pale pale sokoni nikakaa juu yake. Sasa nimeelewa kwa nini hakujibu. Alikuwa mgonjwa na mimi huku namlaumu.

Mwanangu, mamako alikuwa na ulimi mkali na mkono laini. Nilipomzaa Kiplimo na maziwa yakakataa kutoka, yeye akiwa anakunyonyesha wewe, alimchukua akamweka kwenye titi la pili. Hilo Kiplimo halijui. Alikuwa mwanamke wa kwanza mlimani hapa kuuza chai yake mwenyewe bila kumtuma mume. Hakuwahi kuomba msamaha, lakini akikukosea utaona ndizi zimewekwa mlangoni asubuhi. Nimekula ndizi nyingi.

Sasa nikueleze jambo jingine, nawe usikasirike. Mke wa Kiplimo amejifungua msichana. Kwetu, mtoto akizaliwa, kina mama hukaa naye na kuyataja majina ya wazee wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake, maana huyo ndiye aliyerudi. Kanisani hatulisemi kwa sauti, lakini tunalifanya. Basi, mama mkwe wangu, Kogo, aliyataja majina yote ya bibi zake. Mtoto kimya, macho wazi, anatutazama tu. Ugoro ukaletwa karibu na pua, kimya. Mimi nilikuwa kando nawaza habari za matanga, nikajikuta nimesema, "Bosibori." Mtoto akapiga chafya, kisha akapiga nyingine.

Kogo akauliza, "Huyo Posipori ni nani? Huyo si mtu ya ukoo yetu."

Nikasema, "Ni jirani."

"Jirani hawesi kurudi na mlango yetu."

"Kogo, huyo aliingia kwa hii mlango miaka thelathini bila kubisha. Leo ndio atashindwa?"

Wanawake wakacheka, na hata Kogo akacheka, na jina likakaa. Kwa hiyo usilie sana, Zack. Mamako yuko huku. Ana nywele nyingi na hasira.

Mama yako wa pili,
Mama Kiplimo


Nyansiongo
9 Machi 1995

Mama Kiplimo,

Barua yako ya rambirambi nimeipokea mimi mwenyewe marehemu. Sijambo.

Zack yuko kazini Kericho siku hizi, kwa hiyo mimi ndiye ninayefungua barua. Nilikuwa nimeketi napukuchua mahindi. Nilisoma pole zako mpaka ile sehemu ya ulimi mkali, nikasema, alaa, kumbe. Yule aliyezikwa ni Bosibori wa Nyakundi, aliyekuwa muuza nguo za mitumba hapo Sotik, Mungu amlaze pema. Mwambie Gekara akae na ndizi zake.

Nilicheka kwanza, kisha mahindi yakanishinda. Maneno mazuri kama yale hukuwahi kuniambia nikiwa mbele yako. Ilibidi nife. Na lile la Kiplimo na titi nilidhani umelisahau, maana hatukuwahi kulitaja tena.

Sasa unataka kujua kwa nini nilinyamaza. Sikuwa mgonjwa na hukunikosea. Kila barua yako ikija, nashindwa kulima siku mbili. Nakaa mlangoni naona ukungu ukitoka kwenye bonde la chini asubuhi na wewe ukipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua kwamba nimechelewa, na makapu yetu yakigongana njiani. Kisha nainua macho naona migomba ya Ondieki. Niliona afadhali nisisome. Barua zako mbili za mwisho sikuzifungua mpaka leo, zilikuwa chini ya godoro. Nimezifungua baada ya kufa.

Kuhusu huyo mtoto, mimi ni Msabato. Mchungaji ametufundisha kwamba wafu wamelala na hawaingii kwa mlango wa mtu. Mlimtia ugoro puani akapiga chafya, hata mimi ningepiga. Lakini nilipofika pale ulipomjibu Kogo, niliweka karatasi chini nikalia kama mtoto.

Mbusu kwa niaba yangu. Sasa mtamwita nani?

Dada yako aliye hai,
Mama Zack


Kapsoiyo, Sotik
2 Aprili 1995

Mama Zack wangu,

Uko hai. Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi karatasi imelainika. Nilikimbia nayo mpaka kwa Kogo bila viatu, na magoti haya haya. Naomba afya yako iendelee hivyo hivyo, nami sitakuuliza tena kwa nini ulinyamaza.

Lakini tumeingia kwenye matata. Jambo hili halijawahi kutokea mlimani hapa, mtoto kupewa jina la mtu anayepumua. Tulikaa naye tena, majina yote yakatajwa upya, ya upande wa baba na hata ya upande wa mama. Mtoto akasinzia. Kogo akasema, "Jina ikitoka hairudi kwa mdomo. Sasa mwenyewe yuko hai. Wacha akuje, amshike huyu mtoto, aseme amempatia. Kama hatasema, hawa wawili watavutana, na mmoja atashindwa." Unajua Kogo, akishasema hivyo anafunga mdomo na hakuna wa kumfungua. Mimi naenda kanisani kila Jumapili na sitaki kuamini. Lakini Nelvine ni msichana mdogo, huyu ni mtoto wake wa kwanza, na mtoto akikohoa tu ananitazama mimi niliyetaja jina. Amekonda.

La pili, Aron. Aliposikia umefariki alichimbia vigingi kwenye shamba lako, kuanzia mvule mpaka kaburini. Nilimpelekea barua yako. Hakuigusa. Alisema, "Mtu aliye hai anakuja kwa miguu yake, hatumi karatasi." Kiplimo aling'oa vile vigingi na sasa hawaongei.

Kwa hiyo nakuomba mara ya mwisho. Njoo siku moja tu, umshike mtoto na watu wakuone. Kiplimo atakuja kukuchukua Sotik.

Dada yako,
Mama Kiplimo


Nyansiongo
16 Julai 1995

Mama Kiplimo,

Hamjambo? Nimekaa na barua yako mpaka mahindi yamekomaa. Nimemuuliza Zack, amesema yeye mlima ule hataki kuusikia, lakini hatanizuia. Nimeomba sana.

Nitakuja siku ya soko, wiki ya kwanza ya Agosti. Kiplimo asije kunichukua, nataka kupanda mlima ule mwenyewe. Mtoto nimemfumia kofia.

Mama Zack


Kapsoiyo, Sotik
6 Agosti 1995

Mama Zack,

Natumaini u mzima. Tulikungoja.

Kina mama walikuja tangu asubuhi, wengine hujawaona tangu waolewe. Kogo alibebwa. Maziwa ya mursik nilikuwa nimeyafunga kwenye kibuyu tangu ulipoandika, yale yenye mkaa mwingi unayoyapenda. Nelvine alimvalisha mtoto nguo ya ubatizo. Aron naye alikuja, akakaa kwenye ua anapoona njia. Saa kumi hivi mvua ikaja, kina mama wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wananishika mkono kama kwenye matanga.

Niambie kama ulipata ajali. Kama hukupata ajali, niambie hilo pia.

Mama Kiplimo


Nyansiongo
20 Agosti 1995

Mama Kiplimo, dada yangu,

Sikupata ajali. Nilifika Sotik.

Nilishuka na kofia ya mtoto mkononi na ndizi mgongoni. Soko limejaa, na nyuma ya mabati nauona mlima wetu, chai imeng'aa baada ya mvua ya usiku. Nikasema moyoni, nimefika nyumbani. Kulikuwa na mwanamume anapakia mikebe ya maziwa kwenye pikapu. Aliniona nimesimama na mzigo, akaniambia, "Mama, unaenda wapi? Leta hiyo mzigo tukusaidie." Ni maneno hayo tu, na kwa heshima. Hakunikosea chochote. Ana umri wa Kiplimo, labda ni mtu mwema, labda ana mama anayesali. Lakini sauti yake ilikuwa kama ya wale vijana wa mlangoni kwako, nikawa darini jikoni kwako, mkono wangu kwenye mdomo wa Mongina. Nilimwambia siendi popote. Nilikaa kwenye ngazi ya duka mpaka watu wakaanza kufunga, nikiutazama mlima. Kisha nikapanda gari la kurudi. Ndizi nilizigawa.

Nilikuwa nadhani siku moja nitarudi, nikipata nguvu, nikipata mabati, watoto wakikua. Sasa najua sitarudi. Nakwambia waziwazi ili usiniwekee nafasi tena kwenye harusi. Nimelia na nimemaliza. Mongina ameanza kulima nami, na wifi yangu juzi aliniomba nimfundishe kutia maziwa kwenye chinsaga.

Kogo anataka niseme kwa mdomo. Basi mweke mtoto mapajani mwa Kogo, Nelvine akae karibu, nawe usome hapa kwa sauti, taratibu, siyo mbio mbio kama kawaida yako:

Mimi Bosibori, mke wa Orina, niliyepanda chai Kapsoiyo, nimempa mtoto huyu jina langu. Nimempa lote, sikubakiza kipande. Simvuti na asinivute. Akue.

Umemaliza kusoma? Haya, mrudishe mtoto kwa mamake anyonye.

Kofia inakuja pamoja na barua hii. Kama ni kubwa, atakua. Chai endeleeni kuchuna. Ibadilisheni iwe kwa jina la mtoto, yaani msibadilishe kitu. Na Baba Zack, msemeshe kidogo ukimpitia.

Aron akikuuliza shamba ni la nani, mwambie ni la Bosibori. Akisema Bosibori hajaonekana huko tangu mwaka wa fujo, mshike mkono umwingize chumbani kwa Nelvine, umwonyeshe. Lakini aingie polepole, asije akamwamsha.

Dada yako,
Mama Zack